Safari ya Kutafuta Mtoto Ianzie Nyumbani



Kutoka Arusha hadi Namanga ni kilomita zipatazo 110, na ng'ambo ya mpaka barabara yaelekea Nairobi. Wapo watu wa ndoa wanaoipita njia hiyo si kwa biashara, bali kwa kutafuta mtoto. Wengine huenda Kampala, na wenye uwezo zaidi huvuka bahari hadi India. Hatuwalaumu. Kutamani mtoto si anasa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu mmoja katika kila sita hukumbwa na ugumba maishani mwake.

Tiba wanayoifuata ilizaa matunda kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1978, alipozaliwa Louise Brown. Mwanamke huchomwa sindano siku kadhaa ili mayai yapevuke. Mayai hutolewa, hukutanishwa na mbegu za mume katika maabara, kisha kiinitete hutiwa katika mji wa mimba. Kampala ilipata mtoto wa namna hiyo mwaka 2004, Nairobi ikafuata mwaka 2006.

Lakini tusidanganyane. Mara nyingi jaribio moja halileti mtoto, na matumaini hupungua sana mwanamke akivuka miaka 40. Anayeuza shamba au ng'ombe kwa ajili ya safari hiyo hana budi kulijua hilo kabla ya kuuza.

La kusikitisha ni kwamba anayesimangwa na kuletewa mke mwenza ni mwanamke, ilhali karibu nusu ya matatizo haya humhusu pia mwanamume. Kupima mbegu za kiume ni kazi nyepesi kuliko kupima mirija ya uzazi. Je, ni wanaume wangapi miongoni mwetu wanaokubali kutangulia?

Tena, katika Afrika chanzo kikubwa ni mirija iliyoziba kwa maambukizo: kisonono na klamidia zisizotibiwa, au madhara ya uzazi na utoaji mimba usio salama. Maradhi haya yakiwahiwa hutibika kwa dawa za kawaida. Yakipuuzwa, kovu lake huja kulipiwa ughaibuni.

Basi, ndugu zangu, mwalimu awaeleze vijana ukweli huu bila haya. Mume na mke waende pamoja hospitali ya mkoa ya Mount Meru, au KCMC kule Moshi, wapimwe wote wawili. Safari ya ng'ambo iwe hatua ya mwisho, wala isiwe ya kwanza.