Picha za Maduka na Historia ya Biashara ya Mji wa Zanzibar



Anayetaka kuandika historia ya biashara ya mji wa Zanzibar hukimbilia kwanza hesabu za forodha na barua za makonseli. Humo atapata magunia ya karafuu na uzani wa pembe za ndovu. Duka lenyewe hatalipata. Hatajua bidhaa gani zilitangulizwa mlangoni ili mpita njia azione, nani alikaa barazani na nani alisimama. Hayo yamo kwenye picha. Hoja yangu ni kwamba picha hizo ni nusu tu ya nyaraka. Nusu ya pili ni maelezo yake, na hiyo ndiyo inayotuponyoka.

Tuanze na waliozipiga. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 19, upigaji picha mjini ulikuwa biashara kamili, na Wagoa ndio walioongoza. A. C. Gomes, Coutinho na Pereira de Lord walikuwa na studio zao, wakauza picha na kadi za posta kwa abiria wa meli. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na jina hilo bado linajulikana Mji Mkongwe. Watu hawa walikuwa wakitafuta riziki, kwa hiyo walipiga kilichokuwa na mnunuzi. Msafiri alitaka mlango wa nakshi na kichochoro chembamba. Mwenye duka aliweza kulipia picha yake mwenyewe. Muuza kahawa, hamali na mwanamke wa mitaa ya Ng'ambo aliyeuza vitumbua hawakulipia chochote, wakaingia kwenye picha kama mapambo, bila majina. Tusipolisema hilo wazi katika kila orodha tunayotengeneza, tutaandika historia ya wenye milango peke yao.

Sehemu kubwa ya picha za zamani iko ng'ambo ya bahari. Mkusanyo wa Humphrey Winterton, ambao Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kiliupata mwaka 2002, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kuanzia mwaka 1860 hadi 1960, na zinatazamika kwenye intaneti. Nawashukuru waliozipanga. Hata hivyo albamu za enzi hizo, popote zilipo, hutaja mtaa kijuujuu na mtu kwa kabila lake. Jina la duka, ambalo kwetu ndilo kiini cha kazi, halikumshughulisha mwenye albamu.

Basi tuisome picha yenyewe. Chukueni picha ya Darajani isiyo na tarehe. Soko likiwamo, haikupigwa kabla ya 1904, mwaka lilipojengwa. Treni ikipita mbele ya maduka, mipaka inazidi kubana: reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, ilihudumu kati ya 1905 na 1928. Bei zikiandikwa kwa rupia, tuko kabla ya 1936, mwaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake. Kwa upande wa Forodhani, tazameni mnara. Ukisimama mzima na peke yake mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, picha ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoipiga mizinga kasri ya Sultani na mnara huo ukaharibika. Mnara wa saa ukiwa umeungana na jengo, ni ya baada ya hapo. Tahadhari moja ni muhimu: kadi ya posta iliweza kuuzwa miaka mingi baada ya picha kupigwa. Mhuri wa posta unatuambia tu kwamba picha ilikuwapo siku hiyo.

Kisha kuna vibao vya maduka. Kibao kimoja kinaweza kutupa jina la mwenye duka, aina ya biashara, na wakati mwingine mji aliotoka. Vingi vina Kigujarati pamoja na Kiingereza, kwa hiyo timu isiyo na msomaji wa Kigujarati itaacha nusu ya ushahidi ukutani. Jina likishapatikana, lipelekwe kwenye gazeti la serikali la Zanzibar, lililoanza mwaka 1892, likatafutwe katika matangazo ya biashara.

Kazi ngumu zaidi ni kukaa na wazee. Tuchapishe picha kwa ukubwa wa kutosha macho yaliyochoka, tuiweke mezani, tunyamaze. Lakini tujue tunachouliza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maduka mengi yalibadili mikono na familia nyingi zikaondoka; leo ziko Dar es Salaam, Oman, Uingereza, Canada. Kumuuliza mzee habari za duka la baba yake kunaweza kuwa kumuuliza lilivyopotea. Asiyetaka kuendelea aachwe, na picha ya ndani ya nyumba ya mtu isichapishwe bila ridhaa ya wenyewe. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu imani ikivunjika kwa familia moja, mtaa mzima hufunga masanduku yake.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Unyevu wa pwani huzaa ukungu, na filamu za asetati zikianza kunuka siki zinaharibika. Zitengwe mara moja na zinakiliwe kwanza. Maelezo nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino.

Mwisho, tunapopokea vitu vya studio iliyofungwa, tusichukue negativu tu na kuacha makaratasi. Bahasha iliyoandikwa namba, daftari la oda na kitabu cha risiti ndivyo vinavyosema nani aliagiza picha, lini, na kwa bei gani. Warithi wengi huviona takataka, na sisi wenyewe tumezoea kuvipita ili tufike kwenye picha nzuri. Napendekeza fomu yetu ya mapokezi iwe na sehemu ya makaratasi hayo kabla ya sehemu ya picha, na mpokeaji asitie sahihi mpaka awe ameyaulizia.