MGENI WETU ALE NINI?

(Mazungumzo ya mwanachama, muuza vitumbua, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Kamati ya maandalizi imenipa dakika kumi nizungumzie vyakula vya mitaani ambavyo mgeni anayefika Tanzania asivikose. Nimekubali kwa furaha, maana somo hili ni la kwetu. Humu ndani wamo wauza vitumbua, wamo wakaanga mihogo, wamo mama lishe. Noti nyingi zilizoingia katika sanduku letu la kufuli tatu kwa miaka hii kumi ziliingia zikinuka mafuta ya kukaangia.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini jamani, anapona mwenyeji yupi? Mgeni akilala hotelini, akala hotelini, akapanda ndege kurudi kwao, hajaonja chakula chetu, na shilingi yake haikufika mtaani. Kwa hiyo nawaomba mnisikilize kwa masikio mawili: moja la mlaji, moja la muuzaji.

Tuanze asubuhi, hapa hapa Dar es Salaam. Mgeni asinywe chai kavu, apewe vitumbua. Mchele huloweshwa usiku, ukasagwa, ukachanganywa na tui la nazi, hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, ndipo unapikwa kwenye chuma chenye vishimo. Kitumbua kizuri kinakauka pembeni na kubaki laini katikati. Asiyetaka sukari, apate chapati kwa supu ya ng'ombe au makongoro, akamulie na ndimu.

Mchana ni zamu ya mama lishe. Wakubwa mnakumbuka jina la mama ntilie. Lilitoka kwa wateja wenyewe, kila mmoja anaita, "Mama, nitilie!" Hapo kuna wali kwa maharage, ugali kwa dagaa, samaki wa kukaanga, mchicha wa nazi. Ndicho chakula cha fundi, kuli, dereva na karani. Mgeni anayetaka kutujua akae kwenye benchi lile nusu saa tu. Atasikia bei ya mchele imefika wapi, na atasikia ugomvi wa Simba na Yanga mpaka achoke.

Jua likipoa, apelekwe Coco Beach akale mihogo ya kukaanga kwa kachumbari na pilipili. Njiani atakuta mahindi ya kuchoma, yanapakwa chumvi, pilipili na ndimu. Atakuta dafu, na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Hapo mwambieni na historia kidogo. Muhogo na mahindi asili yake ni Amerika, vilifika Afrika kwa meli za Wareno, ingawa jina la mahindi linatupeleka Bara Hindi. Chapati, bajia na sambusa ndizo zilizotoka upande huo wa Bara Hindi na Uarabuni. Bibi zetu walivipokea vyote, wakavitia mkono wao, na leo ni vyetu.

Usiku kuna chipsi mayai, ambazo vijana wanaziita zege: viazi vya kukaanga vilivyoshikwa pamoja kwa mayai. Kuna mishikaki, ambayo wajuzi huiloweka kwa tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi ili nyama ilainike. Kuna pweza na supu yake. Mwisho apate kahawa chungu kwa kashata ya nazi au ya karanga.

Akiwa na siku ya ziada, avuke kwenda Zanzibar kula urojo. Ule ni mchuzi mzito wa njano, wenye uchachu wa embe mbichi au ndimu, na ndani yake mna viazi, bajia, kachori, chipsi za muhogo na chatne. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo, hujaa walaji jioni. Ila mgeni akumbushwe kwamba mwezi wa Ramadhani halii chakula barabarani mchana. Asubiri magharibi, na hapo atafaidi.

Ndugu zangu, sasa naomba lile sikio la pili.

Biashara hii ni nyepesi kuanzisha na nyepesi kufa. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, kikaenea mikoani na hata Zanzibar. Kila ugonjwa ule unapoingia, wa kwanza kuambiwa funga ni muuza chakula wa barabarani, awe msafi, awe mchafu. Mwaka 2021 tena, wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Huko ukifika unaanza moja, wateja huna, na marejesho ya mkopo hayangoji.

Hatuwezi kuzuia kila jambo. Lakini tunaweza kuondoa sababu ya kunyooshewa kidole. Chakula kitoke motoni kiingie sahani ya mteja. Kilichopoa kifunikwe, na kabla ya kuuzwa kipashwe mpaka kichemke. Kachumbari ioshwe kwa maji salama, maana haipiti motoni. Mafuta yakishakuwa meusi na kutoa povu, mwaga, usiyaonee huruma. Mkono ulioshika pesa usishike kitumbua. Na mgeni naye apewe kanuni moja rahisi: ale penye foleni ya wenyeji, ale kikiwa cha moto.

Jambo la bei nalo nalisema waziwazi, hata kama litawachoma baadhi yetu. Kuna tabia ya kumwona Mzungu, au hata Mtanzania wa mkoani, tukapandisha bei mara tatu. Yule si mjinga. Atauliza kwa jirani, ataujua ukweli, na kesho atakula hotelini. Mteja wa siku moja hajengi nyumba. Andika bei kwenye kibao, kila mtu aione, mgeni na mwenyeji walipe sawa.

Namalizia na ombi moja, Mama Mwenyekiti, na naomba liingie katika kumbukumbu za leo. Kabla hatujaanza mzunguko wa mwaka wa kumi na moja, mfuko wetu wa jamii umpatie kila mwanachama anayeuza chakula ndoo moja yenye bomba, sabuni, na sufuria yenye mfuniko. Mfuko ule tuliuweka kwa ajili ya misiba na maradhi. Ndoo ya maji ni dawa inayotangulia maradhi. Wafadhili wetu mlioko hapa, mkono wenu tunaupokea. Ila hata msipokuwa na uwezo wa fedha, mnaweza kutusaidia: wageni wenu wakija, waleteni kwetu wale.

Na leo msiondoke. Vitumbua viko jikoni, vya moto.