Kukabiliana nako ndiko kufanyaje?

Taarifa za maofisa wetu zina kitenzi kimoja kinachofanya kazi ya vitenzi saba. Ukame, kipindupindu, uhaba wa madawati: vyote "tunakabiliana navyo". Leo nataka tukifuate kitenzi hicho mpaka kwenye migomba ya Karagwe na Kyerwa, maana huko neno likikosewa ni chakula kinachopotea.

Waingereza, ambao taarifa zao ndizo tunazozitafsiri kutwa, hutenganisha. Akisema "overcome", kizuizi kimeshabaki nyuma yake. "Tackle" ni la uwanjani: beki amemwingia mshambuliaji, lakini hujaambiwa kama mpira ameupata. "Cope" ni kumudu ili siku ipite. Ajabu yake, lilitokana na neno la Kifaransa cha kale la kupiga, likawa na maana ya kupigana, kisha likapoa. Na "address", kipenzi cha wafadhili, ni lile lile la kuandika anwani juu ya bahasha. Barua yenye anwani nzuri bado inaweza kulala posta. Yote manne yakifika kwa mtafsiri wetu, hutoka "kukabiliana na".

Si kwamba Kiswahili ni maskini. Tatizo na kutatua ni ndugu wa tumbo moja: vyote vimetoka kwenye tata, uzi uliojisokota, na kutatua ni kuufumua. Kustahimili ni neno la asili ya Kiarabu, shina moja na hamali. Ni kuubeba mzigo, si kuutua. Kukabili ni jamaa wa kibla: ni kuelekeza uso. Ukishauelekeza, kazi bado hujaigusa. Kudhibiti ni kukishika kitu kisienee. Kutokomeza ni kukifanya kitokomee, kisionekane tena.

Sasa tazama mnyauko wa migomba, ambao wengi mkoani Kagera huuita unyanjano. Ni ugonjwa wa bakteria. Uganda uliripotiwa mwaka 2001, na taarifa za kwanza nchini mwetu zilitoka Kagera mwaka 2006, Kyerwa ikiwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe kabla ya kugawanywa 2012. Majani hugeuka njano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukiipasua ndani ina rangi ya kutu. Hakuna dawa ya kunyunyizia. Kwa Mnyambo, kibanja ndicho chungu cha chakula, ndicho rubisi ya kumkaribisha mgeni, ndicho kivuli cha mibuni. Mgomba ukifa, vyote hivyo vinayumba.

Neno lililopendwa mikutanoni lilikuwa kutokomeza. Maana yake shambani ilikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake, yaliyougua na yasiyoonyesha dalili, kisha kufukia. Aliyewahi kung'oa kisiki cha mgomba mkubwa kwa jembe la mkono anajua ni jasho la namna gani. Kwa mama mjane mwenye kibanja kidogo ni kuambiwa aufukie mlo wake mwenyewe. Na mwaka unaofuata, wadudu wakiruka kutoka kwa jirani, njano hiyo yaweza kurudi. Hapo mkulima hulaumu elimu, wakati kilichomdanganya ni kitenzi.

Baadaye watafiti waliona kwamba kuukata chini ule mgomba mmoja ulioonyesha dalili, mara tu unapoonekana, nako hupunguza ugonjwa. Ua dume livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, kwa sababu wadudu huchukua bakteria hapo. Panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Huku ni kudhibiti. Neno hili ni dogo kuliko kutokomeza, tena halipendezi jukwaani, kwa kuwa halina siku ya kufunga kazi: ni kukagua kibanja wiki kwa wiki, na jirani naye akague chake. Mimi nalipenda kwa sababu mkulima akiliamini halimgeuki.

Basi bwana shamba akisimama Kayanga au Nkwenda akatangaza kwamba "tunaendelea kukabiliana na mnyauko", mzee aliyekaa nyuma ana haki ya kunyoosha mkono: Bwana shamba, umesema kukabiliana. Mapanga ya kijiji kizima yatapitishwa motoni, au ni sisi tutakaostahimili?