Mafunzo ni Vitendo, Sifa ni Ushahidi

Shule si lazima iwe na kuta. Katika sekta ya Giheke, wilayani Rusizi, eneo lililojulikana zamani kwa jina la Cyangugu, wakulima wanaokiuzia kiwanda cha Shagasha majani mabichi ya chai wamekuwa wakipata mafunzo papo hapo shambani, kwa utaratibu uitwao shamba darasa. Utaratibu huo ulianzia kwa wakulima wa mpunga wa Indonesia mwaka 1989, na baadaye ukawafikia wakulima wa chai wa Kenya na wa Rwanda. Askari wa jeshi na polisi wana mengi ya kujifunza kutokana nao.

Katika shamba darasa, majirani hukutana mara kwa mara shambani. Hakuna hotuba ndefu. Mwelekezi huchuma majani mawili na chipukizi mbele ya wenzake, kisha kila mmoja huchuma naye akitazamwa. Sehemu moja ya shamba hutunzwa kwa mazoea ya zamani na nyingine kwa njia mpya, na mavuno ya pande zote mbili hupimwa. Mizani ikishasema, ubishi hukoma. Mkulima akirudi kwake humweleza jirani, na jirani huamini kwa kuwa shamba lenyewe analiona.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipolazimika kufundisha kwa haraka wafanyakazi wapya wa viwandani, ilifuata njia inayofanana na hiyo. Mkufunzi alipaswa kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha kazi hatua kwa hatua, kumfanyisha mwenyewe huku akieleza anachofanya, na mwishowe kumfuatilia kazini. Hatua ya pili peke yake haikuhesabiwa kuwa mafunzo.

Hapo ndipo penye kasoro katika kozi nyingi za siku hizi. Mkufunzi husimama mbele ya askari, akasoma karatasi tangu mwanzo hadi mwisho, au akaonyesha picha ukutani moja baada ya nyingine huku nusu ya darasa ikisinzia. Mkufunzi wa namna hiyo ametimiza ratiba, lakini hajafundisha. Kuzuia damu ya mwenzio aliyejeruhiwa, kusimamisha gari usiku barabarani, au kuandika maelezo ya shahidi bila kuyapotosha, ni kazi za mikono na akili kwa pamoja. Askari asiyezifanya mara kumi katika mazoezi hataziweza siku ya hatari.

Jambo la pili ni sifa. Kila mkuu wa kikosi huulizwa siku moja ni nani anayefaa kupelekwa masomoni, kupandishwa cheo, au kutumwa kulinda amani nje ya nchi, kama askari wa Rwanda walivyotumwa Darfur mwaka 2004. Neno lake moja lina uzito kuliko vyeti vingi. Kwa sababu hiyo, mkuu anayempendekeza mtu kwa undugu, kwa urafiki wa zamani, au ili amwondoe mkorofi kikosini mwake, anawapa askari wengine mwenzi ambaye hawataweza kumtegemea risasi zitakapolia.

Katika mnada wa chai wa Mombasa, ambako chai nyingi ya Rwanda huuzwa, wanunuzi huonja sampuli kabla ya kutaja bei. Hawaulizi mwenye kiwanda ni ndugu wa nani. Jina la kiwanda hujengwa kwa miaka, na shehena chache mbaya huweza kulishusha. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi wakuu hawana budi kusema yale tu waliyoyashuhudia: askari huyu alifanya nini, lini, na katika hali gani. Asiyejua kazi ya mtu na aseme kwamba haijui. Hiyo si aibu. Wakufunzi nao wawatoe askari darasani mapema, wawape kazi mikononi, na wawafuate baada ya kozi kuona kilichobaki. Askari aliyefundishwa hivyo hatahitaji kutafuta wa kumsemea, maana wenzake waliomwona kazini watamsemea.