Ushahidi wa Mgeni na Mwenyeji

Tangu mwaka 2014, kampuni ya Airbnb, ambayo kwa njia yake wenyeji hupangisha nyumba kwa siku chache, imeweka kanuni kwamba mgeni na mwenyeji wake, kila mmoja pasipo kuona maneno ya mwenziwe, waandike ushahidi wao katika muda wa siku 14 baada ya safari kwisha, na maandiko hayo yasidhihirike mpaka wote wawili wameandika au muhula umetimia. Hekima yake ni kuwa hapo kwanza aliyetangulia kusema alihofu kulipizwa kisasi. Walakini haya ya mtu aliyekirimiwa, ambayo kwa hakika ni tabia njema, ingali yazuia ndimi. Nawasihi wasafiri: andikeni kwa insafu, kwani atakayelala kitanda kile kesho anawategemea nyinyi.