Mpangaji Mkuu Akihama

Msikilizaji, kuna wakati nembo ya tembo wa supamaketi ya Nakumatt ilitamba Kisumu. Ilikuwa Mega Plaza, katikati ya mji kwenye barabara ya Oginga Odinga, na ilikuwa Mega City, kwenye barabara ya kwenda Nairobi. Mtu akipanga kukutana na mwenzake, jina "Mega" lilitosha. Leo tembo huyo hayupo. Mwaka 2017 rafu zake zilianza kubaki tupu nchi nzima, wasambazaji wa bidhaa wakidai malipo yao. Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe.

Wala haikuanguka peke yake. Ukwala, supamaketi iliyobeba jina la mji ulioko kaunti ya Siaya, ilishuhudia maduka yake ya Kisumu yakiporwa na kuchomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Baadaye ikanunuliwa na Choppies ya Botswana. Choppies nayo ikatangaza mwaka 2019 kwamba inafungasha virago kutoka Kenya. Tuskys, iliyokuwa na tawi katika jumba la United Mall, ikafuata mkondo huo huo kuanzia mwaka 2020. Kwa muda usiozidi miaka minne, majina matatu makubwa yaling'olewa kwenye milango ya majumba ya Kisumu.

Ili kuelewa kishindo cha kuondoka kwao, ni vyema kujua hesabu ya mwenye jumba. Supamaketi ndiyo mpangaji mkuu. Hupewa eneo pana zaidi, na kila futi ya mraba hulipiwa kodi nafuu kuliko ya wengine, kwa sababu ndiyo inayowaleta watu. Mwenye duka la viatu, mwenye saluni na wakala wa M-Pesa hulipa zaidi kwa futi ili wapate kusimama kwenye njia ya hao watu. Mpangaji mkuu akihama, hawa wadogo hubaki wakilipia njia isiyo na mpita njia. Benki inayomdai mwenye jumba nayo haisubiri.

Kuna jumba jingine ambalo halikuhitaji kuhamwa ili libaki tupu. Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, iliyoundwa mwaka 1979 kusukuma kilimo, maji na viwanda katika ukanda huu, iliingia katika biashara ya maduka kupitia kampuni yake tanzu. Ikajenga Lake Basin Mall huko Mamboleo, nje ya katikati ya mji, kwenye barabara ya Kakamega. Makadirio ya awali yalikuwa shilingi bilioni 2.5, bei ikapanda hadi zaidi ya bilioni 4. Suala hilo likafika kwenye kamati za Bunge na mezani pa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Jengo lenyewe ni la kupendeza, lina hoteli na nafasi tele ya kuegesha magari. Lakini kwa miaka mingi baada ya kukamilika, sehemu kubwa yake ilikosa wapangaji. Maneno mengi yamesemwa kuhusu fedha, na ni haki yasemwe. Swali la mahali halikuulizwa vya kutosha: mama anayetoka mtaa wa Nyalenda kununua unga na sare ya shule apande matatu mbili kwenda Mamboleo kufuata nini?

Aliyebuni jumba la maduka la aina hii, Victor Gruen, angelielewa swali hilo. Alizaliwa Vienna, akawakimbia Wanazi mwaka 1938, na mwaka 1956 akafungua Southdale katika jimbo la Minnesota, Marekani, jumba zima likiwa chini ya paa moja. Ndoto yake ilikuwa kituo cha mji: maduka, na kando yake nyumba, shule na zahanati, watu wakitembea kwa miguu. Wawekezaji walichukua maduka na maegesho, hayo mengine wakayaacha. Mwishoni mwa maisha yake Gruen aliikana hadharani kazi iliyofanywa kwa jina lake.

Ajabu ni kwamba alichokiota Gruen, Kisumu ilikuwa nacho tangu zamani. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na meli zikaendeleza safari hadi Uganda. Wafanyabiashara wa Kihindi, akiwemo Alidina Visram, walifungua maduka karibu na stesheni na bandari: bidhaa chini, familia juu, varanda mbele, kumkinga mteja na jua. Kisha kuna Kibuye, soko la wazi ambalo siku za Jumapili huvuta wanunuzi na wachuuzi kutoka pande zote za ziwa. Kuna mitumba, omena, vyungu, vitanda na redio za kukarabatiwa. Supamaketi kubwa zimekuja na kuondoka. Kibuye haijawahi kuwekwa chini ya msimamizi.

Sasa katikati ya Kisumu kunajengwa upya, na kwa kweli kulihitaji. Masoko ya Jubilee na Chichwa yaliingizwa katika Mradi wa Miji wa Kisumu, ambao Shirika la Maendeleo la Ufaransa liliukopesha euro milioni 40. Bandari imekarabatiwa. Barabara ya Oginga Odinga imepata njia bora za waenda kwa miguu. Mei 2022 jiji likapokea wageni wa mkutano wa Africities, na wengi waliokuja wakasifu usafi.

Usafi huo ulikuwa na gharama, na waliolipa ni wadogo. Vibanda vya pembezoni mwa barabara vilivunjwa. Lwang'ni, pale ufukweni ambapo samaki wa kukaanga, ngege na mbuta, walikuwa chakula cha mchana cha karani na cha mgeni wa serikali, ilibomolewa mwaka 2019 kwenye ardhi ya Shirika la Reli. Hakuna anayedai kwamba kibanda kiwe cha milele juu ya ardhi ya reli. Ila mchuuzi wa kibanda, anayemlipa kanjo wa jiji ushuru kila asubuhi bila kukosa, ndiye mpangaji ambaye hajawahi kumtoroka mwenye nyumba wake, na ndiye anayekuwa wa kwanza kutolewa.

Lipo jambo moja ambalo serikali ya kaunti na bodi ya jiji zinaweza kulifanya bila mkopo wowote. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inawapa wakazi haki ya kushirikishwa. Basi kabla tingatinga halijawashwa, orodha ya wenye vibanda ibandikwe sokoni, kila mmoja ajisome jina, ajue atahamia wapi kwa muda na atarudi kwenye kibanda namba ngapi. Katika masoko mapya, vibanda vya ghorofa ya chini, vinavyotazama barabara, vitengewe walioondolewa, kwa kodi ya siku na bila ile ada ya kiingilio iitwayo gudwili. Na wewe mfanyabiashara wa Kisumu unayesikiliza, wakiitisha kikao cha umma, funga kibanda kwa saa mbili uende ukaidai orodha hiyo.