Fimbo Nyeupe Haijui ya Juu

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya bati. Si bati la kuezekea nyumba, bali lile la kivuli cha duka, ambalo mwenye duka hulisogeza mbele kidogo kidogo mpaka likawafikia wapita njia usawa wa paji la uso. Wewe na mimi tunaliona, tunainama, tunapita. Je, asiyeona?

Nilipoanza kazi ya utangazaji, ofisini kwetu alikuwapo mzee mmoja mpokea simu ambaye alikuwa haoni. Jioni moja nilimsindikiza kituo cha basi, yeye na fimbo yake nyeupe, amenishika mkono. Njiani nikakutana na rafiki, nikamwachia mzee mkono ili niamkiane naye. Hatua tatu tu, mzee akajigonga kwenye bati, damu ikamtiririka usoni. Nilimwomba radhi mpaka machozi yakanilenga. Akanijibu, "Mwanangu, usijilaumu. Fimbo yangu inajua ya chini tu. Ya juu namwachia Mungu."

Maneno hayo yalinirudia niliposoma habari za chuo cha teknolojia cha IIT mjini Delhi, India. Wataalamu wa hapo, wakishirikiana na wasioona wenyewe, walitengeneza kifaa kiitwacho SmartCane, kikazinduliwa mwaka 2014. Kifaa hiki hufungwa kwenye mpini wa fimbo nyeupe ile ile. Hutoa sauti ya juu mno, isiyosikika kwa sikio la binadamu, kama afanyavyo popo gizani. Sauti ikigonga kitu hurudi, na kifaa hupima muda iliotumia kurudi, kisha hutetemeka mkononi. Mtetemeko hubadilika kadiri kitu kinavyokaribia. Hivyo mtu huhisi kizuizi kilicho mbele yake, kuanzia usawa wa magoti hadi kichwa, umbali wa hadi mita 3. Mashimo na mitaro hubaki kuwa kazi ya fimbo.

Fikra yenyewe si ngeni. Mhandisi Leslie Kay alitengeneza tochi ya sauti kwa ajili ya wasioona huko Uingereza, nayo ikatumika katika miaka ya 1960. Tatizo la vifaa vya namna hii limekuwa bei. Watu wa Delhi walikusudia tangu mwanzo kwamba chao kinunulike na mtu wa kipato kidogo, kikatoka kwa rupia 3,000 hivi, wakati vya Ulaya viliuzwa kwa zaidi ya mara 10 ya bei hiyo.

Sasa yupo atakayesema: basi, tatizo limekwisha. Hasha! Kifaa kitamwambia mzee wangu kwamba mbele kuna kitu, lakini hakitamwambia kama ni bati, mkokoteni au mtu amesimama. Na kama njia ya miguu imejaa meza za bidhaa, pikipiki na mabango, kitatetemeka kila hatua, na mwenye nacho atazidi kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo tunadaiwa mambo mawili. La kwanza, vifaa hivi viwafikie wasioona wetu kwa bei wanayoimudu, na wao wenyewe waulizwe kabla havijanunuliwa, maana mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. La pili ni letu sote, wala halihitaji mhandisi. Njia ya miguu si ghala wala si gereji.

Mzee yule alistaafu, na kovu lake nalikumbuka mpaka leo. Kesho asubuhi, ndugu yangu mwenye duka, kabla hujafungua mlango, simama nje utazame usawa wa paji la uso. Ukiona bati limechomoza, lipandishe au ulikate. Nawe unayemsindikiza asiyeona, ukikutana na rafiki, msalimie kwa mdomo tu. Mkono usiuachie.